Mtajeni na aliyetia muziki

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum.

Septemba iliyopita mliandika makala ndefu kuhusu mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mliandika vizuri. Mlieleza skuli aliyopelekwa India, familia ilivyohamia Uingereza mwaka 1964, na makumbusho yaliyofunguliwa Shangani mwaka 2019. Mwisho mkataja nyimbo zake, na humo mkautaja "Love Kills" wa mwaka 1984, kwamba ndio wa kwanza kuutoa kwa jina lake mwenyewe bila kundi la Queen. Mkaishia hapo.

Najua wapo wasiopenda maisha ya Freddie kuzungumzwa hapa kwetu, na sina nia ya kuufungua mjadala huo. Nazungumzia kazi. Wimbo ule una mtu wa pili, na jina lake limo kwenye karatasi ya kanda tangu siku ulipotoka. Anaitwa Giorgio Moroder. Waliutunga pamoja, yeye na Freddie, na yeye ndiye aliyeutafutia sauti, akishirikiana na Mack, fundi wa studio aliyefanya kazi na Queen kule Munich. Aliutaka kwa ajili ya filamu kongwe ya Kijerumani ya mwaka 1927, isiyo na sauti, "Metropolis", ambayo Moroder aliifufua, akaitia rangi na kuipachikia muziki mpya. Yaani yeye ndiye mwenye shughuli, Freddie alialikwa. Mgeni mkamtaja, mwenye nyumba mkamwacha nje.

Mie ni fundi redio. Nina kibanda Mlandege tangu mwaka 1983. Miaka ile nilikuwa na kazi mbili: mchana natengeneza redio, usiku narekodi kanda. Mtu anakuja na kanda tupu ya dakika sitini au tisini na kikaratasi chenye orodha ya nyimbo anazozitaka, nami namjazia kutoka kwenye santuri na kanda za asili walizotuletea mabaharia. Kila wimbo nikiuandika kwenye daftari: jina la wimbo, jina la mwimbaji, na muda wake kwa dakika na sekunde. Muda ni muhimu sana. Usipoujua, upande wa kwanza wa kanda utakwisha wimbo ukiwa katikati, na mteja atarudi na ugomvi mbele ya watu.

Daftari lile lilikuwa na safu tatu. Ya nne niliiongeza baadaye, kwa sababu ya jina moja.

Kwenye karatasi za kanda za asili, chini kabisa, kuna maandishi madogo ambayo wateja wangu hawakuwa na haja nayo. Mie nayasoma, ni tabia yangu, kama ninavyosoma namba zilizoandikwa kwenye transista. Nikakuta jina la Moroder kwa Donna Summer, wimbo wa 1977. Nikalikuta kwa Blondie, 1980. Nikalikuta kwa Irene Cara, 1983, kwenye ule wimbo wa filamu ya msichana mchomeleaji anayecheza dansi, ambao kila harusi ya vijana hapa mjini ilikuwa lazima upigwe. Nikalikuta kwa Freddie, 1984. Waimbaji hawafanani kwa lolote, huyu mwanamke Mmarekani mweusi, huyu bendi ya New York yenye magitaa, huyu Muhindi wa Unguja mwenye sauti ya kupasua kioo, na chini yao wote jina lile lile. Kwa muda mrefu nilidhani ni jina la kiwanda, kama Philips. Nilipokuja kujua kwamba ni mtu, ndipo nikapiga mstari wa nne kwenye daftari, na juu yake nikaandika: aliyetia muziki.

Naomba nafasi nieleze tukio moja, maana ndilo lililonifunza kazi ya mtu huyu kuliko chochote nilichosoma baadaye.

Siku moja, mwaka 1985 kama sikosei, alikuja baharia mmoja wa Kikwajuni na redio kubwa ya kanda yenye spika mbili. Akasema kanda yake ya Donna Summer imeharibika, wimbo wa "I Feel Love" unachechemea. Nikaitia kanda, nikasikiliza. Ni kweli. Lile besi la wimbo ule, linalokwenda mbio kama cherehani ya mtu mwenye kazi nyingi, lilikuwa linatoka nusu. Linagonga, linaacha pengo, linagonga, linaacha pengo. Sauti ya mwimbaji iko pale pale, haikupungua. Nikasafisha hedi, ile inayosoma kanda, kwa pamba na spiriti. Vile vile. Nikabadilisha mpira wa kuendeshea. Vile vile. Nikatia kanda ya taarab, ikapiga sawasawa bila kasoro, na hapo nikazidi kuchanganyikiwa.

Mwishowe nikaliinamishia sikio spika la kulia, nikalikuta kimya. Waya ulikuwa umechomoka kwenye risasi ya kuchomea iliyoushika, huenda redio iliangushwa njiani. Taarab yetu ya zile kanda ilirekodiwa sauti moja kwa pande zote mbili, kwa hiyo spika moja likifa hupotezi kitu. Nikauchomea waya, nikarudisha wimbo wa Donna Summer nyuma, nikabonyeza.

Pengo likajaa. Spika la kushoto linapiga noti, la kulia linaijibu kabla la kushoto halijapiga tena. Wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, huyu akiinua mchi, yule anashusha, na kinu hakipumziki. Nilikaa pale na bisibisi mkononi nikausikiliza wote, nikaurudisha, nikausikiliza tena. Baharia alikuwa amesimama nje akiuliza bei.

Nilikuja kusoma baada ya miaka mingi kwamba ndivyo ulivyotengenezwa khasa. Noti moja inapigwa na mashine, kisha noti ile ile inacheleweshwa kidogo na kupelekwa upande wa pili. Ni hesabu ndogo sana, ya sehemu ya sekunde. Mwimbaji hahusiki nayo, wala mtunzi wa maneno. Ni ya mtu aliyekaa studio akafikiri: nikiichelewesha kidogo nikaiweka kulia, itakuwaje? Mtu huyo ndiye ninayemwandikia barua hii.

Studio ile, Musicland, ilikuwa chini ya ardhi katika jengo refu la Arabella, mjini Munich. Moroder na mwenzake Pete Bellotte, Muingereza, walikuwa wanatengeneza albamu ya Donna Summer ambayo nyimbo zake zilichukua sauti za zama mbalimbali zilizopita, na wa mwisho ukatakiwa uwe wa zama zijazo. Kwa huo Moroder hakutaka fidla wala gitaa. Wakaazima kinanda cha Moog, kile kikubwa cha makabati, chenye matundu na nyaya za kuchomeka kama ubao wa simu wa posta ya zamani. Robby Wedel ndiye aliyekijua kukiendesha, na ndiye aliyewaonesha namna ya kukifungamanisha na mtambo wa kurekodia ili kila kinachoongezwa kikae juu ya mdundo bila kuteleza.

Kinanda kile kilikuwa na ila moja ambayo mafundi wenzangu wataielewa mara moja: kikishika joto, noti zinahama. Vyombo vya ndani vinabadilika kidogo tu, lakini sikio linajua. Kwa hiyo walirekodi vipande vifupi vifupi, wakisimama kila baada ya muda mfupi kurekebisha noti, kisha wanaendelea. Ule mbio wote unaoudhani umetoka kwa pumzi moja, umeunganishwa vipande. Na dundo la chini, lile linalokupiga kifuani, si la mashine. Kinanda hakikuweza kutoa dundo zito la kutosha, basi akakaa mtu, Keith Forsey, akalipiga kwa mguu wake kwenye ngoma, sawasawa, bila kuongeza pambo hata moja. Mpiga ngoma yeyote atakwambia kujizuia hivyo kwa dakika zote zile ni kazi kuliko kupiga mbwembwe.

Nimewataja Bellotte, Wedel na Forsey makusudi. Nikidai Moroder atajwe kisha nikawaficha waliomsaidia, nitakuwa nafanya lile lile ninalolilalamikia.

Kabla ya hapo, mwaka 1975, kulikuwa na wimbo mwingine wao ambao maneno na miguno yake siyatetei, na nilikuwa nikikataa kuurekodia vijana wadogo. Lakini nauleta kwa sababu ya urefu. Mwanzo ulikuwa wa dakika chache kama nyimbo nyingine. Mwenye kampuni ya santuri kule Marekani, Neil Bogart, aliupiga kwenye karamu nyumbani kwake, wageni wakamtaka aurudie tena na tena, akaona bora awe na mmoja mrefu. Moroder akaurefusha hadi karibu dakika 17, upande mzima wa santuri. Mie nilizihisi dakika 17 zile mfukoni. Kanda ya sitini ina nusu saa kwa upande. Mteja akiutaka huo, nyimbo zake nyingine nne hazina mahali. Nikiwaeleza hivyo, na bado wanautaka mrefu, wa mfupi hawautaki. Baadaye ndipo nikafahamu kwamba wacheza dansi ndivyo walivyo duniani kote. Mtu akishaingia kwenye mdundo hataki utolewe chini ya miguu yake. Ngoma zetu zinajua hilo tangu zamani. Hakuna msewe wa dakika tatu. Santuri ndiyo ilikuwa haijui, na Moroder ni katika waliolifunza.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1940 katika mji mdogo wa milimani, Ortisei, kaskazini ya Italia, wenyeji wa bonde lile wakijulikana kwa kuchonga mbao. Nilipolisoma hilo nilikwenda kuitazama tena milango ya Mji Mkongwe, ambayo nimepita mbele yake maisha yangu yote. Juu ya kizingiti unakuta aya, unakuta tarehe, mara nyingine jina la mwenye nyumba. Aliyechonga hayumo. Mlango unaitwa wa tajiri fulani, na tajiri hakushika patasi.

Aliondoka kwao kijana, na gitaa, akipiga kwenye mahoteli na vilabu vya Ulaya miaka mingi kabla hajakaa Munich. Mwaka 1972 wimbo wake na Bellotte ulishika nambari moja Uingereza, ukiimbwa na kundi jingine. Halafu ndio hiyo miaka ya Donna Summer, kisha filamu. Nimehesabu kwenye daftari langu, nyimbo alizozitia mkono yeye ambazo niliwahi kuzirekodi pale Mlandege, zimefika arubaini na moja, na mie nilikuwa napata kidogo tu ya kinachofika Dubai na Mombasa. Mwimbaji mmoja akitoa nyimbo arubaini na moja za kupendwa, tungemjengea sanamu.

Alipata tuzo tatu za Oscar. Ya kwanza aliipokea mwaka 1979, kwa muziki wa filamu ambao karibu wote ulitoka kwenye vinanda vya umeme. Ya mwisho ilikuwa ya wimbo wa filamu ya marubani ya mwaka 1986. Lakini iliyonigusa mie ni ya katikati, ya ule wimbo wa Irene Cara. Tuzo ile ilitolewa kwa watu watatu: Moroder kwa muziki, na kwa maneno Irene Cara mwenyewe pamoja na Keith Forsey. Forsey yule yule aliyekuwa akikanyaga ngoma kule chini ya ardhi miaka kama saba nyuma. Majina matatu yakasomwa mbele ya dunia.

Mhariri, majina matatu si jambo geni kwetu. Wewe, ukiwa na umri kama wangu, unakumbuka redio yetu, Sauti ya Tanzania Zanzibar, namna taarab ilivyokuwa ikitangazwa. Mtangazaji hakusema "huu ni wimbo wa fulani" akanyamaza. Alisema wimbo umetungwa na fulani, umetiwa muziki na fulani, mwimbaji ni fulani. Marehemu mama yangu, ambaye hakwenda skuli, alizijua nyimbo kwa watiaji muziki wake. Akisikia vidole viwili vya mwanzo vya udi, anasema huu muziki ni wa fulani, na anapatia. Sifa ya mwimbaji haikupungua hata kidogo kwa kutajwa aliyemtengenezea njia. Tulikuwa na adabu hiyo. Sijui siku gani khasa tuliiacha, lakini nasikiliza redio kutwa kwa sababu ndiyo kazi yangu, na siku hizi naweza kumaliza wiki nzima sijasikia jina la mtayarishaji hata mmoja.

Na hapa nifike nyumbani.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni prodyuza. Studio yake ni chumba kimoja Magomeni, dirisha limezibwa kwa godoro, feni haiwashwi wakati wa kurekodi kwa sababu inasikika kwenye maiki, kwa hiyo wanarekodi wakitoka jasho. Ana kompyuta moja na kinanda kidogo cha kuchomeka. Ana miaka ishirini na sita na katika mitano iliyopita amewatengenezea nyimbo vijana wengi wa Unguja na Pemba, wengine wa maulidi, wengine wa kampeni za skuli, wengi wa dansi. Akianza kazi saa mbili za usiku, mara nyingi adhana ya alfajiri inamkuta anaunganisha.

Mwaka juzi alimtengenezea kijana mmoja wa Chake Chake wimbo uliokuwa ukipigwa kila mahali. Kwenye maharusi, kwenye daladala za Fuoni, sikukuu pale Mnazi Mmoja watoto wanaucheza na baluni mkononi. Alilipwa shilingi elfu themanini, mara moja, mkononi. Simlaumu mwimbaji, naye hakuwa nacho. Nalaumu kilichofuata. Redio moja hapa ilimwalika yule kijana kwa mahojiano, mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe. Mpwa wangu alikuwa kwangu usiku ule, tukawasha. Kijana aliulizwa chakula anachokipenda, timu anayoishabikia, mchumba anaye au hana. Kama saa nzima. Nani aliyeutengeneza wimbo hakuulizwa, naye kwa ujana wake au kwa hofu ya maiki hakukumbuka kusema. Mpwa wangu alikuwa akimenya chungwa. Alilimenya mpaka mwisho, akalipasua, akampa mke wangu nusu. Akasema, "Mjomba, mie nishazoea."

Mie sijazoea.

Vijana hawa wana desturi ya kupachika jina lao mwanzoni mwa wimbo, sauti ya mtu inalitamka au inalinong'ona kabla ngoma haijaanza. Wazee wengi wanakereka nayo, na nilikuwa mmoja wao. Wimbo mzuri, unauharibu kwa kelele za nini? Niliwahi kumwambia aliondoe. Akanijibu kwa upole, "Nisipolitaja mwenyewe, nani atalitaja?" Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu analijua yeye na ninalijua mimi. Tangu siku hiyo nikilisikia jina la prodyuza mwanzo wa wimbo silioni kuwa kelele tena.

Na usiku ule wa mahojiano, walipoupiga wimbo wenyewe, mtangazaji alikuwa bado anawasalimia watu wa Mkokotoni na Wete juu ya zile sekunde tatu za mwanzo. Jina likamezwa. Aliponyamaza, kijana wa Chake alikuwa ameshaanza kuimba.

Wiki ile ile nilimtafutia mpwa wangu kitu kwenye simu. Mwaka 2013 Wafaransa wawili wa kundi la Daft Punk, wale waliokuwa wakivaa helmeti, walimwalika Moroder kwenye albamu yao. Hawakumwomba apige kinanda. Walimkalisha mbele ya maiki tatu za zama mbalimbali, wakamwambia aeleze maisha yake, kisha wakaiweka sauti yake ya kuzungumza juu ya muziki, wimbo wa karibu dakika tisa. Mzee anasimulia alivyolala ndani ya gari baada ya kupiga kwenye disko, anasimulia habari ya Moog, anasimulia alivyotaka sauti ya siku zijazo. Na anataja jina lake. Alikuwa na miaka 73 wimbo ulipotoka. Baada ya kuwatengenezea wengine nyimbo zisizo idadi, hatimaye jina lake likawa ndilo jina la wimbo na sauti yake ndiyo inayolitamka.

Mpwa wangu alipofika hapo mzee anapojitaja, aliusimamisha. Akaurudisha. Akaurudisha mara ya tatu. Kisha akauliza kile kinanda kilikuwa kinaazimwa kwa nani, na tukakaa mpaka daku kwa habari za nyaya.

Mhariri, ninaloliomba halina gharama. Ukurasa wenu wa burudani hutoka kila wiki. Kila mnapoandika kuhusu wimbo, wa hapa au wa nje, andikeni majina matatu kama redio yetu ilivyokuwa ikifanya: aliyetunga maneno, aliyetia muziki, aliyeimba. Ni mstari mmoja. Mwandishi wenu akimhoji mwimbaji, swali la pili liwe "nani aliyekutengenezea?" Halafu apige simu kwa huyo naye, amuulize alifanyaje, kwa sababu mafundi tuna mengi ya kueleza na si kawaida kuulizwa. Watangazaji nao nawaomba wasubiri zile sekunde tatu. Salamu za Wete zitafika tu.

Na Septemba ijayo, mkirudia habari za Freddie, mstari wa wimbo ule usomeke hivi: "Love Kills", 1984, umetungwa na Freddie Mercury na Giorgio Moroder, muziki umetiwa na Moroder pamoja na Mack, mwimbaji Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja.

Daftari langu lipo, madaftari manne kwa jumla, mawili yameliwa na mende pembeni lakini yanasomeka. Mwandishi wenu akitaka kuyaona aje Mlandege siku yoyote isipokuwa Ijumaa, baada ya alasiri. Mpwa wangu huwa anapita saa hizo kuchukua vitu vyake vya kuchomea. Aulizwe yeye mwenyewe jina lake, alitaje.

Wako,
Fundi redio,
Mlandege, Unguja